Godoro Namba 17: Uchambuzi wa Kisa cha Mwendesha Baiskeli Ambaye Hakuamshwa

Kisa hiki kilitokea usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, mwezi wa Julai, katika ukumbi wa michezo wa shule moja iliyopo kwenye milima ya katikati ya Ufaransa, ambako kundi letu la watu wa kujitolea lilikuwa limepewa kazi ya kuendesha kituo cha kulala katika safari ya baiskeli ya kilomita 1,000. Mwendeshaji mmoja aliomba aamshwe saa kumi na nusu alfajiri. Aliamshwa saa moja na dakika tano asubuhi, tena kwa bahati tu, na watu waliokuwa wakikunja mablanketi. Mimi ndiye niliyepokea ombi lake. Sitaitaja safari yenyewe wala mtu yeyote aliyehusika, kwa kuwa kosa lilikuwa la mikono michache na si haki kuwabandikia waandaaji. Lakini namna lilivyotokea nataka kuieleza hatua kwa hatua, maana yeyote anayekaa kwenye meza kama ile, hasa akiwa mzungumzaji wa Kiswahili, anaweza kulirudia bila kujua.

Msomaji asiyezijua safari hizi anahitaji kwanza kuelewa hesabu ya saa, la sivyo hataona uzito wa saa mbili na nusu zilizopotea. Safari za aina hii huitwa breveti. Hazina mshindi wala zawadi ya wa kwanza. Kila anayemaliza ndani ya muda uliowekwa huhesabiwa sawa na mwenzake. Kanuni zake zinatoka Audax Club Parisien, klabu ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1904, nazo zinafuatwa karibu dunia nzima: kilomita 200 zina saa 13 na nusu, kilomita 300 saa 20, kilomita 400 saa 27, kilomita 600 saa 40, na kilomita 1,000 saa 75. Saa hizo hazisimami kwa ajili ya mtu. Kula, kuziba pancha, kujikinga na mvua na kulala, vyote vimo humo humo. Njiani kuna vituo vya ukaguzi ambako kadi ya mwendeshaji hupigwa muhuri, na kila kituo kina saa yake ya kufunguliwa na saa yake ya kufungwa. Hadi kilomita 600 vituo hufungwa kwa mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa. Baada ya hapo mwendo huo hushushwa hadi kilomita 11 na ushei, kwa kuwa inajulikana kwamba mtu aliyefika huko hawezi kuendelea bila kulala.

Kwa hiyo usingizi ni sehemu ya mwendo wenyewe, na imekuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1891, gazeti la Le Petit Journal lilipoandaa mara ya kwanza mbio za kutoka Paris hadi Brest na kurudi, takriban kilomita 1,200, Charles Terront alishinda kwa saa 71 na dakika 22 akiwa amempita Joseph Jiel-Laval wakati mwenzake huyo amelala. Safari hiyo ya Paris hadi Brest ipo hadi leo, ikiwa breveti badala ya mbio, kila baada ya miaka minne, kwa muda wa juu kabisa wa saa 90. Mwaka 2023 walianza watu zaidi ya elfu sita. Kila anayetaka kwenda huko lazima kwanza amalize, katika mwaka huo huo, breveti za kilomita 200, 300, 400 na 600. Nyuma ya safari zote hizo wapo watu wasiolipwa wanaopika, wanaopiga mihuri, wanaofagia, na wanaoamsha waliolala.

Kituo chetu kilikuwa kilomita ya 660. Waendeshaji walikuwa wameondoka Alhamisi saa nne asubuhi, hivyo kituo kilitakiwa kufungwa baada ya saa 45 na robo, yaani Jumamosi saa moja na robo asubuhi. Tulikuwa na magodoro 60 yaliyopangwa kwa safu sita, kila moja likiwa na namba kubwa iliyobandikwa sakafuni upande wa miguuni. Mlangoni palikuwa na meza, taa ndogo, na karatasi yenye safu tatu: namba ya godoro, namba ya mwendeshaji, saa ya kuamshwa. Juu ya mlango palikuwa na tangazo lililowataka wote wazime kengele za simu na za saa zao, kwa kuwa kengele moja huwaamsha watu hamsini ambao hawakuiomba. Tangazo hilo naomba msomaji alikumbuke, maana ndilo lililonishughulisha kuliko mambo mengine yote niliyoyafikiria baadaye.

Meza ilishikwa na dada mmoja kutoka Lubumbashi anayeishi mji wa jirani na wangu, mwenye bidii na mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Mimi, mtu wa Tanga, kazi yangu ilikuwa kuwaongoza wanaoingia hadi kwenye godoro kwa tochi iliyoelekezwa chini, kuwapa blanketi, na kuwaonyesha mahali pa kuweka viatu. Tangu jioni tulikuwa tukizungumza Kiswahili, kama wafanyavyo watu wawili wanaokutana ugenini na kugundua kwamba wanaelewana bila kutafuta maneno. Kwa kawaida mwendeshaji alisimama mezani na kumwambia dada yule mwenyewe, kwa Kifaransa, saa anayoitaka. Lakini ilipofika saa saba kasoro dakika ishirini usiku, kundi la watu kumi na mmoja liliingia kwa pamoja. Meza ikajaa. Mwendeshaji mmoja aliyekuwa nyuma ya kundi, ambaye hakuwa mmoja wao, alikuwa amesimama akiegemea ukuta huku macho yakifumba, nami nikaona si utu kumweka kwenye foleni. Nilimchukua moja kwa moja hadi godoro namba 17. Pale aliniambia kwa Kifaransa saa anayotaka kuamshwa: saa nne na nusu kwa hesabu ya Wafaransa, yaani saa kumi na nusu yetu. Alitoa simu, akaizima mbele yangu, akalala kabla sijamfunika.

Nilirudi mezani. Dada yule alikuwa na watu watatu mbele yake. Nilimwinamia nikamwambia, "Dada, godoro kumi na saba, aamshwe saa kumi na nusu." Akajibu, "Nimeandika, kaka." Na kweli aliandika, tena kwa usahihi kabisa, kile alichokisikia: 10h30.

Kwa mtu aliyelelewa pwani, kama mimi, saa hufuata jua. Linapochomoza tunaanza kuhesabu, na saa kumi ya alfajiri ni saa ya kumi ya usiku, hakuna zaidi. Sikuitafsiri saa ile kichwani. Ilijitafsiri yenyewe, kwa sababu nilipoanza kusema na dada kwa Kiswahili, kila kitu changu kilikuwa tayari kimehamia upande wa Kiswahili. Yeye naye hakukosea. Nyumbani kwao, hata walipozungumza Kiswahili, saa zilitajwa kwa hesabu ya shuleni na ofisini, ambayo ni ya Kifaransa, na kwake saa kumi ilikuwa saa kumi ya Kifaransa tangu utotoni. Jambo hili si geni hata katika nchi ambako Kiswahili ni cha wote: Tanzania, mgeni hukata tiketi ya basi iliyoandikwa saa 12:00 asubuhi, akafika stendi adhuhuri, na kukuta basi limeondoka tangu mapambazuko. Nimewahi kumweleza mgeni wa namna hiyo tofauti ya saa, kwa subira na kwa uhakika wa mtu anayedhani kwamba kosa hilo ni la wageni. Sikuwahi kufikiria kwamba Waswahili wawili wanaoelewana katika kila jambo jingine wangeweza kupishana kwa saa sita bila yeyote kati yao kusita.

Usiku ule wote, ombi hilo moja tu ndilo lililopita kwenye Kiswahili kabla ya kufika kwenye karatasi. Mengine yote yalitoka kinywani mwa mwendeshaji hadi kwenye kalamu kwa lugha moja. Ndiyo maana hakuna aliyeona dalili yoyote ya hatari mapema: utaratibu wetu ulikuwa umefanya kazi vizuri mara kadhaa, na mara ile moja niliuvunja mimi, kwa huruma, ili kumwokolea mtu aliyechoka dakika tano za kusimama.

Saa nane usiku tulibadilishana zamu. Aliyetupokea alikuwa mzee wa Kifaransa ambaye katika ujana wake alikuwa ameendesha breveti nyingi. Dada alimkabidhi karatasi, akamwonyesha mstari alipofikia, nasi tukaenda kulala, yeye kwenye darasa la jirani na mimi garini. Mzee yule alifanya kazi yake kwa namna ambayo ningependa kila kijana aione. Alikuwa akienda kwenye godoro dakika moja kabla ya saa, anapiga magoti, anagusa mguu juu ya blanketi, anataja namba ya mtu kwa sauti ya chini, kisha haondoki hadi mtu huyo ameketi na kumjibu, kwa sababu anayeamshwa kutoka katika usingizi mzito anaweza kusema "ndiyo" na kulala tena bila kukumbuka. Kwa saa tano hakukosea hata mmoja kati ya wale aliotakiwa kuwaamsha.

Aliliona godoro namba 17. Aliiona saa 10h30. Nilipomuuliza asubuhi, alinieleza bila kujitetea kwamba alidhani mwendeshaji yule ameacha safari. Wapo wanaofika kituo cha kulala wakiwa wamekwisha kuamua kutoendelea, nao huachwa walale hadi asubuhi, wakatafute treni. Saa ya kuamshwa iliyopita saa ya kufungwa kituo ilikuwa na maana moja tu kwa mtu mwenye uzoefu wake, na maana hiyo ilikuwa ya busara. Hata hivyo, katika uchambuzi huu napaona hapa ndipo mahali pa mwisho ambapo kosa lingeweza kukamatwa, na sababu ya kutokamatwa ni kwamba karatasi yetu haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu ameacha. Mtu aliyekwisha kuacha na mtu aliyeandikiwa saa isiyowezekana walionekana sawasawa. Laiti pangekuwa na alama ya walioacha, mzee yule angetazama mstari wa 17, angekosa alama, angeshtuka.

Nilirudi ukumbini saa moja kasoro robo kusaidia kufunga. Saa moja na dakika tano tulifika safu ya pili na kumkuta. Nilimtambua kwa koti lake. Nilimwamsha mimi mwenyewe. Akaketi, akatazama saa ya mkononi, akanitazama, akatazama tena saa. Hakupaza sauti. Nilimwambia kwamba kosa ni letu, kwamba nilitaja saa vibaya, na kwamba kituo kinachofuata, kilomita ya 740, kinafungwa saa nane na robo mchana. Aliniuliza kama bado kuna mkate na supu. Vilikuwepo. Saa moja na dakika thelathini na tano aliondoka peke yake, wakati hesabu yake ilikuwa aondoke saa kumi na moja alfajiri.

Kilichofuata nilikipata baadaye kutoka kwa vituo vya mbele. Alifika kilomita ya 740 saa sita na dakika ishirini, karibu saa mbili kabla ya kufungwa. Kwenye karatasi, basi, hakuwa amepoteza chochote ambacho kanuni inakitambua. Lakini mwendeshaji wa safari ndefu huhesabu pia jua na baridi, na hesabu ya huyu ilikuwa imejengwa juu ya kupanda milima ile mapema, kabla ya joto. Badala yake aliipanda kati ya saa nne na saa sita mchana, siku ambayo joto lilikuwa kali. Tangu hapo tumbo lilikataa chakula. Alifika kilomita ya 870 saa saba na dakika kumi usiku, dakika 27 tu kabla ya kituo kufungwa, akalala dakika arobaini, akaendelea. Kwenye kilomita ya 905 alijikuta akiingia upande wa pili wa barabara akiwa amesinzia. Alisimama, akaketi kwenye kibanda cha basi hadi kulipopambazuka, akapiga simu kusema kwamba anaacha. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na naushukuru. Ningeogopa kuandika kisa hiki kama angeamua vingine.

Je, ni sisi tuliomfanya aache? Katika mkutano wa tathmini swali hili lilichukua muda mrefu. Mmoja alisema kwamba, kwa hakika, tulimwongezea usingizi: alilala zaidi ya saa sita mahali ambapo wenzake walilala tatu, na mtu aliyelala saa sita hana haki ya kulaumu uchovu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami sikuidharau. Huenda bila usingizi ule angeacha mapema zaidi. Lakini usingizi una thamani kwa aliyeupanga. Yeye alikuwa amepanga kulala kidogo kwetu na kulala tena kilomita ya 870, usiku wa mwisho, ambao ndio mgumu kuliko yote. Tulimpa usingizi wa ziada usiku ambao hakuuhitaji, na tukamnyang'anya ule wa usiku aliouhitaji. Siwezi kuthibitisha kwamba angemaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba mpango wake ulikoma kuwa wake kwenye godoro letu.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, na ilitoka kwa watu ninaowaheshimu. Kanuni za breveti zinamhesabu kila mwendeshaji kuwa yuko katika safari yake binafsi. Anajitegemea kwa taa, kwa chakula, kwa ramani, kwa fundi; msaada anaruhusiwa kuupokea kwenye vituo vya ukaguzi tu. Anayejitegemea hivyo, walisema, ajitegemee pia kuamka, na saa ya mkononi inayotetemeka bila kelele si ghali. Kama kituo chetu kingekuwa ukumbi mtupu wenye magodoro, ningekubali neno kwa neno. Lakini tulibandika tangazo. Tulimwambia azime simu, naye akaizima mbele ya macho yangu, kwa sababu palikuwa na mtu mwenye tochi na karatasi aliyemwahidi kwamba kazi hiyo sasa ni yake. Huwezi kumnyang'anya mtu fimbo yake mlangoni, kisha akianguka ndani ukamwambia kwamba kutembea ni jukumu lake. Tangazo lile lilikuwa la haki kwa wale hamsini na tisa wengine. Ila kuanzia dakika lilipobandikwa, kujitegemea kwa mwendeshaji kulisimama kizingitini, na deni likawa letu.

Niliwaomba waandaaji wamfikirie kwenye muda wa mwisho. Walikataa, nami sasa naona walikuwa na sababu. Kanuni inaruhusu kumsamehe aliyechelewa kituo cha katikati kwa jambo lisilotarajiwa na lililo nje ya uwezo wake, kama vile kusimama kumsaidia majeruhi wa ajali au kukuta barabara imefungwa, na inakataza waziwazi kuhesabu uchovu, njaa au ubovu wa baiskeli kuwa udhuru. Mwendeshaji wetu hakuchelewa kituo chochote. Hakukuwa na kitu cha kusamehe. Walimwandikia barua wakieleza kosa lilivyotokea, wakamrudishia ada yake yote, wakampa nafasi katika safari itakayofuata. Mimi nilimwandikia barua yangu, nikamweleza habari ya saa za Kiswahili. Alijibu kwa ufupi na kwa upole, akasema kwamba hakujua kuna watu wanaohesabu saa kuanzia mapambazuko, na kwamba, kwa mtu aliyekesha barabarani, hesabu hiyo inaeleweka.

Mabadiliko tuliyoyafanya ni machache. Sasa mwendeshaji mwenyewe huandika saa yake kwa mkono wake, hata kama inabidi ashikiwe tochi na karatasi apelekewe godoroni. Juu ya karatasi pameandikwa kwa wino mwekundu saa ya kufungwa kituo, na saa yoyote inayoipita haipokelewi bila alama ya aliyeacha. Wakati wa kubadilishana zamu, anayetoka na anayeingia hutembea pamoja safu hadi safu, wakisoma kila mstari mbele ya godoro lake. Inachukua dakika kumi, na wanaolala hawashtuki. Kati ya hayo matatu naliamini zaidi la kwanza, kwa kuwa linaondoa mdomo wa tatu kati ya anayeomba na anayeamsha, na mdomo huo wa tatu, usiku ule, ulikuwa wangu.

Dada wa Lubumbashi alilia aliposikia, na ilinichukua siku kadhaa kumshawishi kwamba yeye aliandika alichoambiwa. Mwaka uliofuata tulipangiwa tena meza moja. Tulizungumza Kiswahili zamu nzima, habari za watoto, bei ya unga, wazazi waliobaki nyumbani. Ila kila ilipofika saa ya mtu kuamshwa, sote wawili tulihamia kwenye Kifaransa bila kukumbushana, tukaitaja, tukairudia, kisha tukaendelea na mazungumzo yetu.